Anfinsen: Mwanakemia aliyeonyesha kuwa protini hujikunja yenyewe

MWANAFUNZI yeyote wa biokemia hukutana mapema na jina la Christian Boehmer Anfinsen. Mwanakemia huyo wa Marekani ndiye aliyelijibu swali lililokuwa likiwasumbua wenzake kwa miaka mingi: protini hulipata wapi umbo lake?

Anfinsen alizaliwa Machi 26, 1916, mjini Monessen katika jimbo la Pennsylvania, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Norway. Alihitimu katika Chuo cha Swarthmore mwaka wa 1937, na miaka miwili baadaye akaelekea Copenhagen, Denmark, kujifunza njia mpya za kuchunguza protini katika Maabara ya Carlsberg. Vita vikamrudisha nyumbani mwaka wa 1940. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1943, na kuanzia 1950 alikuwa mtafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya, Bethesda, ambako alifanya kazi iliyomjengea jina.

Protini ni mnyororo wa asidi amino, mithili ya uzi wa shanga. Uzi huo haufanyi kazi yoyote hadi ujikunje kwa namna moja mahususi. Wapo waliodhani kwamba sharti kuwe na kitu kingine ndani ya seli kinachoufinyanga.

Anfinsen alianza na ribonukliesi, kimeng'enya cha kongosho la ng'ombe kinachokata RNA. Kina shanga 124, nazo zimeshikizwa kwa vifungo vinne vya salfa. Alivikata vifungo hivyo, akaukunjua uzi kwa kemikali, na kimeng'enya kikapoteza nguvu zake. Kemikali zilipoondolewa, uzi ukajikunja upya na nguvu zikarejea. Vifungo vile vingeweza kujipanga kwa njia 105 tofauti, ila vilirudi kwenye ile moja iliyo sahihi.

Mwingine angeridhika hapo. Lakini vifungo vya salfa huchukua muda kujipanga, na kwa hivyo ilikuwa vigumu kupambanua kazi ya vifungo na kazi ya uzi wenyewe. Ndipo akageukia bakteria.

Stafilokoka, wale bakteria wanaosababisha majipu, hutoa nukliesi yao inayokata DNA na RNA pia. Ina shanga 149, haifanyi kazi bila kalsiamu na, jambo lililomvutia zaidi Anfinsen, haina kifungo hata kimoja cha salfa. Ilipokunjuliwa kwa asidi kisha asidi hiyo ikaondolewa, ilirudia umbo lake katika muda usiozidi sekunde chache. Uzi peke yake ulitosha.

Jaribio lililofuata, kwa maoni yangu, lapendeza kuliko yote. Kikosi chake kiliikata nukliesi hiyo kwa tripsini, baada ya kuikinga kwa kalsiamu na molekuli ndogo inayoizuia kufanya kazi, ili isikatwe ovyo. Kila kipande kikiwa peke yake kilikuwa hohehahe, bila umbo wala nguvu. Vilipochanganywa vilitafutana, vikashikana, na sehemu ya nguvu za kimeng'enya ikarudi.

Mwaka wa 1972 alitunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Nusu ya pili ikawaendea Stanford Moore na William Stein.

Si kwamba alimaliza kila kitu. Mwaka wa 1963 yeye na wenzake walikuwa wameeleza juu ya kimeng'enya kinachoharakisha upangaji wa vifungo vya salfa, na baadaye ikabainika kwamba ndani ya seli protini nyingi husaidiwa na protini nyingine zisikwamane njiani. Watafiti waliomfuata waliendelea kutumia nukliesi za bakteria. Mojawapo ni barnesi, ambayo bakteria huitoa nje ya seli huku wakihifadhi ndani protini ya kuizuia, barsta, isije ikaikata RNA yao wenyewe.

Mwaka wa 1979 Anfinsen aliingia dini ya Kiyahudi, na kuanzia 1982 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Aliaga dunia Mei 14, 1995, akiwa na umri wa miaka 79.

Mwaka wa 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata sehemu ya Nobel ya Kemia kwa programu ya kompyuta inayokisia umbo la protini kutokana na mpangilio wa shanga zake. Namna uzi wenyewe unavyopita hatua kwa hatua hadi kulifikia umbo hilo ingali inachunguzwa maabarani.