Paul Ehrlich: Kutoka rangi ya nguo hadi dawa ya malaria

Bulyaga, Tukuyu

Kwa miaka mingi, mgonjwa wa malaria katika Kata ya Bulyaga, wilayani Rungwe, kama ilivyokuwa kwa Watanzania wengine, alitibiwa kwa vidonge vichungu vya klorokwini. Asili ya dawa hiyo inarudi nyuma hadi kwenye rangi ya kutia nguo na kwa daktari aliyeitwa Paul Ehrlich.

Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854 katika mji wa Strehlen, uliokuwa Ujerumani na ambao sasa uko Poland. Tangu akiwa mwanafunzi wa udaktari alibaini kuwa rangi za viwandani hushika sehemu fulani za mwili na kuacha nyingine. Akajiuliza iwapo kemikali inayochagua kimelea ingeweza kukiua bila kumdhuru mgonjwa.

Mwaka 1891, yeye na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria jijini Berlin rangi ya methilini ya buluu, na hali zao zikaimarika. Kiini cha rangi hiyo ni pete za atomi ambamo kaboni imeungana na naitrojeni na salfa.

Ehrlich alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Mwaka uliofuata, yeye na Sahachiro Hata walibaini uwezo wa msombo namba 606 dhidi ya kaswende. Alifariki dunia tarehe 20 Agosti, 1915.

Wazo lake halikufa naye. Wanakemia wa kampuni ya Bayer walibadili mkia wa molekuli ya methilini ya buluu, kisha wakaunganisha mkia wa aina hiyo na pete ya kwinolini, iliyomo pia katika kwinini. Njia hiyo ndiyo iliyomfikisha Hans Andersag kwenye klorokwini mwaka 1934.

Hata hivyo, vimelea vilijenga usugu, na mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria. Baadaye ilifuata dawa mseto, yenye dawa mbili katika kidonge kimoja. Sasa watafiti wanabuni molekuli mseto, yaani viini viwili vilivyounganishwa kuwa molekuli moja, ili kimelea kishambuliwe kwa njia mbili kwa pamoja.

Kuunda dawa mpya huchukua miaka mingi, ilhali usugu huweza kuidhoofisha. Ndiyo maana wananchi wanahimizwa kupima kabla ya kutumia dawa na kumaliza dozi kama walivyoelekezwa na wataalamu wa afya.