Grogan: alipita Rejaf kwa miguu, akaacha jumba Nairobi

JUBA. Mfanyabiashara wa vipuri anayetoka Konyo Konyo kwenda Nairobi haulizi Barabara ya Kirinyaga. Anauliza Grogan. Fundi, dalali wa gia na tanboi wa lori la Juba wote wanapajua kwa jina hilo, ingawa kibao cha barabara kilibadilishwa zamani, baada ya uhuru. Wasiojulikana wengi ni wale wanaofahamu kwamba Grogan alikuwa mtu, na kwamba kabla ya kupewa barabara Nairobi alipita huku kwetu, Rejaf, kwa miguu.

Safari yangu ya mwisho Nairobi niliacha kelele za Kirinyaga nikapanda hadi Kenyatta Avenue, karibu na makutano ya Kimathi, kuliangalia jumba alilojenga. Ni la matofali, na sasa ni benki. Watu wanapanga foleni, wanatoa pesa, wanaondoka. Ukilitazama leo katikati ya majengo ya vioo unaweza kulipita bila kugeuza shingo.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London Desemba 1874, katika familia ya watoto 21. Shule ilimfukuza, na Cambridge nako akafukuzwa. Mwaka 1896 alikuwa kusini mwa Afrika, akipigana upande wa Waingereza dhidi ya Wamatabele. Baadaye, akiwa mgonjwa, alisafiri hadi New Zealand, na huko akampenda Gertrude Watt. Baba wa kambo wa binti hakuridhika. Kijana hana kazi, hana mali, binti atakula nini? Grogan akaahidi kuvuka bara la Afrika kutoka kusini hadi kaskazini. Huo ulikuwa wakati ambapo Cecil Rhodes alikuwa akiota reli na waya wa simu kutoka Cape hadi Cairo, na kijana akaona hapo ndipo atakapojipatia jina.

Aliondoka Beira mwaka 1898 pamoja na mwenzake, Arthur Sharp. Walipita Ziwa Nyasa, Tanganyika na Kivu. Wakiwa upande wa Uganda, Sharp alichoka akarudi kwao. Grogan akaendelea na wapagazi, miongoni mwao vijana wa Kitonga kutoka Ziwa Nyasa. Ujiji walikuwa wameajiri pia Wamanyema. Vitabu vingi humwita mtu wa kwanza kutembea kutoka Cape hadi Cairo. Mimi neno hilo hunikwama kooni kidogo, kwa sababu mizigo yake ilikuwa vichwani mwa watu, na watu hao walikanyaga matope yaleyale.

Matope yenyewe yalikuwa ya kwetu. Mwishoni mwa 1899 aliteremka na Nile kupitia Rejaf, wakati huo kituo cha Wabelgiji, jirani kabisa na mahali ambapo Juba ingejengwa baadaye. Kisha akafika Bor. Mbele ya Bor mto ulikuwa umezibwa na magugu ya Sudd, meli haipiti. Msomaji aliyewahi kupeleka mzigo Bor wakati wa mvua, lori likazama hadi ekseli, hahitaji kuelezwa zaidi. Grogan na watu wake walivuka bwawa hilo kwa miguu, mbu juu, maji chini, chakula kikipungua kila siku. Walipambana na Wadinka, na damu ikamwagika. Karibu na Mto Zeraf alikutana na ofisa wa Kiingereza, Kapteni Dunn, aliyekuwa akiwinda, na hapo mateso yakaisha. Mwaka 1900 akafika Cairo, akachapisha kitabu, akamwoa Gertrude.

Mwaka 1904 alihamia Kenya, na hapo mtembezi akageuka kuwa mfanyabiashara. Pamoja na mshirika wake, Lingham, aliomba serikali impe msitu mkubwa upande wa Ravine kwa ajili ya mbao. Alinunua pia ardhi ya bwawani kando ya Mto Nairobi, ambako baadaye ilipita barabara yenye jina lake. Ardhi ambayo wengine waliidharau aliishikilia hadi mji ukaifuata.

Lakini Nairobi ilimjua pia kwa jambo jingine. Machi 1907, akiwa mkuu wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama, kwa madai kwamba waliwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwavuta kwa riksho. Hakukuwa na kesi wala ushahidi uliosikilizwa, na mahakama ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Kelele zilifika hadi London. Alifungwa mwezi mmoja, tena si katika jela ya kawaida, na heshima yake miongoni mwa walowezi ikapanda badala ya kushuka.

Jumba la Kenyatta Avenue lilifunguliwa mwaka 1928 kama Hoteli ya Torr's. Mwaka huohuo New York ilianza kuchimba msingi wa jengo la Chrysler, ghorofa 77 za mtindo wa Art Deco. Torr's ilikuwa kitu kidogo ukiilinganisha na hilo, lakini kwa Nairobi ya mabati ilikuwa fahari, na ukumbi wake wa dansi ulijaa walowezi. Mwafrika aliingia kwa mlango wa kazi. Juba, wakati huo, ndiyo kwanza ilikuwa inachukua sura ya mji.

Mombasa, Grogan alijenga gati la kina kirefu pale Mbaraki, akaja kuiuzia serikali. Gati la Mbaraki bado linapokea meli. Miaka ya 1930 akahamia Taveta, akapanda mkonge, akajenga nyumba kubwa kilimani ambayo watu huiita kasri. Anayevuka mpaka wa Holili yuko karibu nayo. Mgogoro wa ardhi ya Taveta, wa wenyeji wanaoitwa maskwota katika nchi ya babu zao, umeishi kuliko yeye.

Gertrude alifariki mwaka 1943. Miaka minne baadaye mumewe alitoa ardhi Muthaiga ijengwe hospitali ya watoto kwa kumbukumbu yake, na Gertrude's hadi leo inatibu watoto wa mataifa yote, wa Juba wakiwemo. Hoteli ilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mabenki yakaingia. Grogan hakuutaka uhuru wa Kenya, lakini aliishi akauona. Alifia Cape Town Agosti 1967, akiwa na miaka 92, katika mji uleule uliobeba nusu ya jina la safari yake.