Millet: Mtoto wa mkulima aliyechora wakulima, faida wakala wengine

MKULIMA wa Chapwa anayeuza mahindi yangali shambani kwa sababu ada ya shule haisubiri, ataelewa haraka maisha ya mchoraji Mfaransa, Jean-François Millet.

Millet alizaliwa Oktoba 4, 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Alifanya kazi za shamba na baba yake kabla ya kwenda kusomea uchoraji mjini Cherbourg, na mwaka 1837 jijini Paris.

Mwaka 1849 alihamia kijiji cha Barbizon na familia yake, ambayo baadaye ilifikia watoto tisa. Huko alichora, kwa chaki na kwa rangi, maisha aliyoyajua: mpanzi akitupa mbegu, mchunga kondoo, mwanamume aliyeegemea jembe kwa uchovu. Baadhi ya wakubwa wa Paris walidai anachochea maskini.

Fedha zilimpiga chenga. Rafiki yake, Alfred Sensier, alimpatia vifaa naye akamlipa kwa michoro, kama mkulima anayekopa mbolea na kulipa kwa magunia. Mwaka 1857 alitaka faranga 4,000 kwa picha ya wanawake watatu wakiokota masazo ya ngano baada ya mavuno, lakini akaiachia kwa 3,000. Mwaka 1860 alipata nafuu aliposaini mkataba wa kutoa picha 25 na kulipwa kila mwezi kwa miaka mitatu.

Alifariki dunia Januari 20, 1875. Picha yake nyingine, Angelus, ya mume na mke waliosimamisha kazi katika shamba la viazi ili wasali, iliuzwa faranga 1,000 mwaka 1860. Mwaka 1889 ilinadiwa Paris kwa faranga 553,000. Sheria haikuipa familia yake fungu lolote.

Kisa hicho kilichangia Ufaransa kutunga sheria ya mwaka 1920, inayompa msanii au warithi wake sehemu ya fedha kazi yake inapouzwa tena.

Gunia la mahindi halina sheria ya namna hiyo. Likishapakiwa kwenye lori la Tunduma, nyongeza ya bei ni ya mnunuzi. Kwa hiyo mkulima hutetea jasho lake kabla ya kuuza: ahifadhi anachoweza, akatae lumbesa, aulize bei sokoni na, inapowezekana, auze pamoja na wenzake.