Tabibu Ogino na Hesabu ya Siku

Wenye ndoa wa Mpanda na Karema wakitaka kupanga uzazi kwa njia ya asili, hukuta mbele yao kalenda, kipimajoto na uchunguzi wa ute. Kabla hawajachagua, twaona yafaa wamjue aliyetupatia hesabu ya kalenda.

Kyusaku Ogino alizaliwa Japani mwaka 1882, akawa tabibu wa wanawake katika hospitali ya Takeyama, mjini Niigata. Waganga waliomtangulia walihesabu siku kwenda mbele tangu hedhi iliyopita, nao walipotea. Yeye, akichunguza wanawake aliowapasua kwa sababu ya maradhi, alihesabu kurudi nyuma. Na mwaka 1924 akatangaza kwamba yai hutoka kati ya siku ya 16 na ya 12 kabla ya hedhi inayofuata. Basi mwenye mzunguko wa siku 26 na mwenye wa siku 35 hawawezi kushika tarehe moja.

Nia yake ilikuwa kuwasaidia waliokosa watoto. Wengine, huko Ulaya, ndio walioigeuza hesabu hiyo kuwa njia ya kuepuka mimba, jambo lisilompendeza, maana aliujua udhaifu wake: hedhi ijayo hakuna aijuaye kabla haijafika. Ugonjwa na kunyonyesha huivuruga. Kipimajoto nacho hudanganywa na homa ya malaria, nasi wa Katavi twaijua homa hiyo. Ndiyo maana siku hizi wengi hufundishwa kuutazama ute kila siku, bila kutegemea miezi iliyopita.

Ogino alifariki Niigata tarehe 1 Januari 1975, mwenye umri wa miaka 92.