Jemadari Mitchell na Ndege Iliyoshindwa na Milima

Wengi wetu tukisoma habari za ndege huanza na ndugu wawili Wright mwaka 1903, kisha huruka moja kwa moja mpaka Vita vya Pili vya Dunia. Katikati hapo pana mambo mengi yaliyosahauliwa. Basi leo napenda kuwasimulieni maisha ya William Mitchell, askari wa Marekani, na hasa habari za ndege moja kubwa mno aliyoitaka kwa moyo wake wote, nayo ikamtia aibu.

Mitchell alizaliwa tarehe 29 Desemba 1879 katika mji wa Nice, Ufaransa, wazazi wake walipokuwa huko, akalelewa katika jimbo la Wisconsin. Hakuwa mtoto wa shida. Babu yake alikuwa tajiri wa reli na benki, na baba yake alipata kuwa seneta. Lakini mwaka 1898 kijana huyu wa miaka 18 aliandikishwa jeshini kama askari wa chini kabisa, vita vya Marekani na Hispania vilipoanza. Kurusha ndege alijifunza ukubwani, mwaka 1916, kwa fedha zake mwenyewe. Hata hivyo, ilipofika Septemba 1918, katika mapigano ya Saint-Mihiel nchini Ufaransa, ndege karibu 1,500 za Marekani na rafiki zake zilikuwa chini ya amri yake.

Vita vilipokwisha alirudi kwao na wazo moja tu kichwani: kwamba manowari zimekwisha siku zao, na taifa litalindwa na ndege ziendazo mbali. Wakubwa wa jeshi la majini walimcheka. Tarehe 21 Julai 1921 ndege zake zikaizamisha Ostfriesland, manowari kubwa iliyotekwa kwa Wajerumani, mbali kidogo na pwani ya Virginia. Kwa haki lazima niseme kwamba manowari ile ilikuwa imetia nanga, haina mtu ndani wala mzinga wa kujibu. Lakini ilizama, na waliocheka wakanyamaza kwa muda.

Shida ni kwamba ndege za siku zile hazikuweza kwenda mbali na mzigo mzito. Mitchell alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo. Alimpata Mwingereza mmoja, Walter Barling, aliyekuwa amebuni ndege kubwa kwao Uingereza. Ndege ile ya kwanza ilipinduka kwa pua mwaka 1919 kabla haijaruka, ikawaua marubani wake wawili. Mtu mwingine angeogopa, Mitchell hakuogopa. Mwaka 1920 kazi ya kuijenga nyingine ilitolewa kwa kiwanda kimoja cha New Jersey, na vipande vyake vikapelekwa kwa gari moshi mpaka Dayton, Ohio, kuunganishwa.

Ilikuwa ndege ya ajabu. Ilikuwa na mabawa matatu, moja juu ya jingine, yenye upana wa futi 120 kutoka ncha hata ncha, mainjini sita, na magurudumu kumi. Ikijaa, uzito wake ulizidi pauni 42,000. Tarehe 22 Agosti 1923 iliruka mara ya kwanza, watu wakastaajabu.

Hapa ndipo somo letu la Fizikia linapoingia. Mabawa mengi huongeza nguvu ya kuinua, ni kweli, lakini mabawa matatu yanahitaji vijiti na nyaya nyingi za kuyashika, na kila kijiti na kila waya hukamatwa na upepo. Basi mainjini yale sita yalitumia nguvu zao nyingi kupigana na hewa tu. Mwendo wake wa juu kabisa haukufika maili 100 kwa saa, na ikibeba mabomu pauni 5,000 iliweza kwenda maili 170 tu. Walipotaka kuipeleka Washington ilishindwa kupanda juu ya milima ya Appalachia, ikarudi Dayton. Nami naona milima ile si mirefu hata kidogo ukiilinganisha na Kilimanjaro yetu!

Fedha zaidi ya dola 500,000 zilikuwa zimekwenda. Adui zake walifurahi. Mwaka 1925, baada ya puto kubwa la jeshi la majini liitwalo Shenandoah kuvunjika katika dhoruba na kuua watu 14, Mitchell aliwashutumu wakubwa wake hadharani kwa maneno makali. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na tarehe 17 Desemba akaonekana ana hatia. Mwezi wa Februari 1926 aliacha jeshi. Mimi nadhani alikuwa na haki katika jambo lenyewe, lakini ulimi wake ulimponza.

Na ile ndege? Ilifunguliwa vipande vipande mwaka 1927, ikawekwa ghalani. Baadaye Meja Henry Arnold aliomba ruhusa ya kuichoma moto, akakataliwa. Akaomba tena, mara hii kuchoma baadhi ya vipande tu. Akakubaliwa, naye akaichoma yote. Arnold huyu alikuwa rafiki wa Mitchell, tena alimtolea ushahidi mahakamani.

Mwezi wa Agosti 1935 ndege mpya ya Boeing, yenye bawa moja na mainjini manne, iliondoka Seattle ikaruka maili 2,100 bila kutua, juu ya milima mirefu kupita ile ya Appalachia, ikashuka Dayton. Ndiyo iliyokuja kuitwa B-17. Mitchell alikuwa hai bado, raia wa kawaida, amekwisha kuugua moyo. Alifariki New York tarehe 19 Februari 1936, akazikwa Milwaukee.