LARDEREL, BWANA WA MVUKE

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. François Jacques de Larderel alikuwa mgeni wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka wa 1789 mjini Vienne, Ufaransa. Baadaye alihamia Livorno, bandari ya Toscana huko Italia, akafanya biashara.

Toscana kulikuwa na mahali palipoitwa Bonde la Ibilisi. Mvuke ulifoka ardhini, madimbwi yakichemka na kunuka mayai viza. Watu walipaogopa. Kumbe palikuwa na mali! Maji yakipenya chini hukutana na miamba yenye joto kali, yakageuka mvuke na kupanda yakiwa yamebeba boroni. Mvuke ukipoa na maji yakikauka, hubaki magamba meupe ya asidi ya boriki. Madini haya ni adimu kupatikana hivyo. Mwaka wa 1777 mwanakemia Hoefer aligundua kwamba yamo katika madimbwi hayo. Yalitumika katika dawa na katika kutengeneza vioo.

Mwaka wa 1818 Larderel na wenzake walianzisha kiwanda karibu na Montecerboli. Lakini kazi yenyewe si mchezo! Asidi ilikuwa kidogo mno majini, kwa hivyo ilibidi maji mengi yachemshwe mpaka yakauke. Kuni ziliteketea, misitu ikapungua, gharama ikapanda. Ingeendelea hivyo, biashara ingekufa.

Basi mwaka wa 1827 akatumia akili. Alijenga kuba la matofali juu ya dimbwi, akaunasa mvuke, akautumia kukaushia maji yale yale. Kuni za nini tena? Kiwanda kikanawiri. Aliwajengea wafanyakazi nyumba, kanisa na shule. Mwaka wa 1837 mtawala Leopold wa Pili alimpa cheo cha Conte wa Montecerboli, na mwaka wa 1846 kijiji kikaitwa Larderello. Alifariki mwaka wa 1858.

Mvuke haukufa naye. Mwaka wa 1904 Piero Ginori Conti, aliyeoa katika ukoo huo, aliwasha taa tano papo hapo Larderello kwa umeme wa mvuke. Hapa Kenya, Olkaria ilianza kutoa umeme wa namna hiyo mwaka wa 1981, jirani na Hell's Gate. Majina yanatisha kote kuwili!

Wenzangu, Larderel alikuwa mfanyabiashara tu. Alipoona miti inakwisha, alitazama chini ya miguu yake, akaona jiko.