Sven Wingquist

Sven Gustaf Wingquist (10 Desemba 1876 – 17 Aprili 1953) alikuwa mhandisi na mfanyabiashara kutoka Uswidi. Anajulikana hasa kwa kubuni beringi inayojirekebisha yenyewe na kwa kuanzisha kampuni ya SKF.

Maisha

Alizaliwa mjini Hallsberg akasoma ufundi huko Örebro. Mwaka 1899 aliajiriwa na kiwanda cha nguo cha Gamlestaden mjini Göteborg, akisimamia matengenezo ya mitambo.

Kiwanda hicho kilijengwa juu ya udongo wa mfinyanzi. Ardhi ilititia kidogokidogo, na shafti ndefu zilizozungusha mashine zikatoka kwenye mstari wake. Beringi za wakati ule hazikuvumilia hali hiyo: gololi zilibanwa upande mmoja, beringi ikapata moto na kuvunjika, na mashine zikasimama. Mpya ziliagizwa Ujerumani na mara nyingi zilichelewa kufika.

Kuzuia ardhi isititie hakukuwezekana, hivyo Wingquist alibadilisha beringi. Ile aliyoipatia hataza mwaka 1907 ina safu mbili za gololi, na uso wa ndani wa ringi yake ya nje umechongwa kama sehemu ya tufe. Shafti ikipinda kidogo, ringi ya ndani huinama pamoja na gololi zake bila kukwama. Ni badiliko dogo kwa macho, lakini liliondoa chanzo chenyewe cha hasara.

Uso wa tufe hutumika pia katika beringi zisizo na gololi, ambazo hazikubuniwa naye. Humo ringi ya ndani huteleza moja kwa moja juu ya ile ya nje. Hizo hufaa penye mzigo mzito na mwendo wa polepole wa kwenda na kurudi, kwa mfano kwenye silinda za haidroliki za mashine za kuchimba udongo.

Mashine za kukoboa kahawa katika wilaya kama Karagwe na Kyerwa nazo hutegemea shafti. Sakafu ikititia, beringi isiyoweza kuinama huliwa upesi.

SKF ilianzishwa tarehe 16 Februari 1907, naye akawa mkurugenzi wake hadi 1919. Mwaka huo mhandisi wake Arvid Palmgren alitumia wazo lilelile kwa rola badala ya gololi, ili kubeba mizigo mizito zaidi. Baadaye SKF iligharimia kuanza kwa Volvo, ambayo gari lake la kwanza lilitoka kiwandani mwaka 1927.

Wingquist alifariki akiwa na umri wa miaka 76.